Mpangaji na Habari za Nyumba Yake

Katika mitaa ya mashariki ya Nairobi, kama vile Kaloleni, Makongeni, Shauri Moyo na Bahati, habari husafiri upesi kuliko basi. Mtu huenda kuteka maji asubuhi akasikia ya kwamba nyumba zitabomolewa. Ifikapo jioni jambo lile lile limekwisha kupewa tarehe, na jina la tajiri aliyenunua kiwanja. Pengine uvumi huo hauna mzizi wowote. Lakini pengine una kweli ndani yake, na hapo ndipo penye hatari, kwa kuwa mtu aliyekwisha kudanganywa mara tatu hafungi mizigo mara ya nne.

Yaliyotokea Muthurwa, kando ya barabara ya Landhies, yaonyesha uzito wa jambo hili. Nyumba za huko zilikuwa za wafanyakazi wa Reli, na baadaye zikawa mali ya mfuko wa malipo yao ya uzeeni. Mwezi wa Julai 2010 wapangaji walipewa siku 90 wawe wamehama. Wakaenda Mahakama Kuu. Tarehe 30 Agosti 2013 Jaji Isaac Lenaola aliamua ya kwamba namna walivyoondolewa ilivunja haki yao ya makazi. Hakuwapa nyumba zile ziwe zao. Lakini Kamati ya Umoja wa Mataifa ishughulikiayo haki za uchumi na za jamii ilikuwa imekwisha kuandika, mwaka 1997, ya kwamba watu watakaohamishwa sharti wajulishwe mapema, na waelezwe nyumba au ardhi ile itatumiwa kwa kazi gani.

Notisi ile ya Muthurwa ilitangulia Katiba mpya kwa muda mfupi tu, maana Katiba ilitangazwa tarehe 27 Agosti 2010. Kifungu chake cha 35 chasema ya kwamba kila raia ana haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa Serikali, na kila mtu aweza kudai habari za uongo zinazomdhuru zisahihishwe au zifutwe. Sheria ya kuitimiza haki hiyo ilipitishwa mwaka 2016.

Tuseme basi mama mmoja wa Kaloleni ataka kujua kama mtaa wake umo katika mpango wa kujengwa upya. Aandike barua kwa ofisi ihusikayo, kwa Kiswahili au kwa Kiingereza, aeleze wazi ataka habari gani. Halazimiki kusema sababu yake, karani akimwuliza “Za nini?” anauliza jambo ambalo sheria haikumpa ruhusa kuliuliza. Asiyejua kuandika husema kwa mdomo, na afisa ndiye aandikaye. Kuomba hakulipiwi, ila gharama ya kutoa nakala yaweza kutozwa. Yafaa abaki na nakala yake yenye muhuri na tarehe, kwa kuwa siku zitahesabiwa kutoka hapo.

Jibu lapasa kutoka katika siku 21. Kama habari yahusu uhai au uhuru wa mtu, ni saa 48. Ofisi yaweza kuongeza siku 14, mara moja tu, ikiwa habari ni nyingi mno au yahitaji kushauriana na wengine. Ikiwa habari hizo ziko ofisi nyingine, barua hupelekwa huko. Mwombaji hafukuzwi mlangoni.

Si kila kitu hutolewa. Mambo ya usalama wa nchi, siri za maisha ya mtu mwingine, na baadhi ya mambo ya biashara huweza kuzuiwa, lakini ofisi ikatayo sharti itoe sababu kwa maandishi. Neno “siri” peke yake halitoshi. Aliyekataliwa, au aliyenyamaziwa, ana siku 30 za kupeleka malalamiko yake, bila wakili, kwa Tume ya Haki ya Utawala, ambayo yaweza kuita mashahidi na kuamuru habari zitolewe.