Uliza Zitafika Ngapi

Mtanzania anayetumiwa pesa kwa simu hachelewi kuuliza: "Umeweka na ya kutolea?" Ni swali la mtu anayejua kwamba shilingi 50,000 iliyotumwa siyo shilingi 50,000 atakayoishika kwa wakala. Tangu M-Pesa ilipoingia nchini mwaka 2008, na hasa baada ya tozo ya miamala ya mwaka 2021 kuzua mjadala nchi nzima, watu wetu wamejua kuhesabu makato hadi shilingi ya mwisho.

Pesa hiyo hiyo ikivuka mpaka, umakini huo unapotea. Mama anayemtumia mwanawe ada Kampala, mfanyabiashara wa Kariakoo anayemlipa muuzaji wake Guangzhou na kijana aliyeko Marekani anayetuma matumizi ya wazee Moshi, wote hutazama kitu kimoja: ada iliyoandikwa kwenye tangazo. Ada hiyo ni sehemu tu ya bei, na mara nyingi ndiyo sehemu ndogo.

Bei iliyojificha ndani ya dola

Aliyewahi kusimama kwenye dirisha la duka la fedha za kigeni anajua kwamba dola ina bei ya kununulia na bei ya kuuzia. Kati ya hizo mbili ipo bei ya soko, ile ambayo benki hutumia zenyewe kwa zenyewe zinapouziana fedha. Anayekutumia pesa kutoka nje hapewi bei hiyo. Kampuni inambadilishia kwa bei ya chini kidogo, na kinachobaki kati ya bei mbili hizo kinaingia kwenye mfuko wa kampuni. Kupata faida si kosa. Kosa ni kumfanya mteja aamini kwamba hakuna alicholipa.

Tuchukue mfano wenye namba za kufikirika, zilizo rahisi kuhesabu. Bei ya soko ni shilingi 2,500 kwa dola moja, na ndugu yako ana dola 200 za kutuma. Kampuni ya kwanza inatangaza kwamba haitozi ada yoyote, lakini inabadilisha dola kwa shilingi 2,400. Zitafika shilingi 480,000. Kampuni ya pili inakata ada ya dola 3, kisha inabadilisha dola 197 zilizobaki kwa shilingi 2,480. Zitafika shilingi 488,560. Ile ya "bure" imekula shilingi 20,000, sawa na asilimia 4 ya pesa yote. Ile yenye ada imekula shilingi 11,440, yaani asilimia 2 na kitu. Kwa anayetuma kila mwezi, tofauti ya kampuni hizo mbili inapita shilingi 100,000 kwa mwaka, pesa inayoweza kununua sare za shule na daftari za mtoto.

Mwenye duka anayeshusha bei ya sukari huku amechezea mizani hajakupunguzia kitu. Kwa hiyo ukilinganisha kampuni za kutuma pesa, acha kuuliza ada ni shilingi ngapi. Uliza hivi: nikitoa kiasi hiki hapa, zitafika shilingi ngapi kule? Uliza kampuni tatu au nne, siku moja, saa zinazokaribiana, kwa kiasi kile kile. Jibu kubwa kuliko yote ndilo bei nafuu, bila kujali kila kampuni inayaitaje makato yake.

Hivyo ndivyo hata Benki ya Dunia inavyopima. Kwa miaka mingi imekuwa ikikusanya gharama za kutuma dola 200 kati ya mamia ya jozi za nchi, ikijumlisha ada na kile kilichofichwa kwenye bei ya fedha, na matokeo yake yako wazi mtandaoni. Wastani wa dunia katika miaka ya karibuni umekuwa kati ya asilimia 6 na 7. Afrika kusini mwa Sahara ndilo eneo ghali kuliko yote, kwa takriban asilimia 8. Benki ndizo njia ghali zaidi, zikipita asilimia 10 kwa wastani, huku pesa za simu zikiwa miongoni mwa njia nafuu zaidi. Mataifa yaliahidi katika Malengo ya Maendeleo Endelevu kwamba ifikapo mwaka 2030 gharama hii itakuwa chini ya asilimia 3. Mwaka huo uko karibu na ahadi iko mbali.

Jirani kuwa mbali kuliko London

Linalouma zaidi ni hili. Ripoti za Benki ya Dunia zimeonyesha mara kadhaa kwamba kutuma pesa kutoka Tanzania kwenda kwa majirani, Kenya, Uganda na Rwanda, ni ghali kuliko karibu kwingineko kote duniani. Katika vipindi mbalimbali gharama iliyopimwa ilipita asilimia 20. Aliyeko London anatuma Nairobi kwa gharama ndogo kuliko aliyeko Dar es Salaam, ambako basi la asubuhi humfikisha mtu mpakani Namanga siku hiyo hiyo.

Sababu iko kwenye njia ambayo pesa hupita. Benki ya Dar es Salaam na benki ya Kampala mara nyingi hazina akaunti baina yao. Zote mbili zina akaunti katika benki kubwa ya nje, aghalabu New York. Shilingi ya Tanzania inageuzwa dola, dola inapita New York, kisha inageuzwa shilingi ya Uganda. Mtandao wa SWIFT, ulioanzishwa Ubelgiji mwaka 1973, hubeba ujumbe tu wa kuziambia benki nani amlipe nani; pesa yenyewe inasogea kutoka akaunti hadi akaunti, na kila benki inayoigusa inaweza kukata chake. Juu ya hapo, fedha imebadilishwa mara mbili, na kila mara kuna aliyepata faida.

Tena makato ya benki mara nyingi hayatazami ukubwa wa pesa. Tuseme ni dola 30 kwa kila muamala. Kwa mwagizaji wa mashine anayelipa dola 5,000, hiyo ni chini ya asilimia 1. Kwa mama anayetuma dola 200 ni asilimia 15. Hapa ndipo penye kanuni ya kukumbuka: pesa kubwa inastahimili benki, pesa ndogo ipite kwenye simu au kwa kampuni za kutuma pesa.

Dawa zipo. Mwaka 2013 benki kuu za ukanda huu zilianzisha Mfumo wa Malipo wa Afrika Mashariki ili benki zilipane kwa shilingi zetu bila kuzunguka New York. Mwaka 2014 Tigo, ambayo sasa ni Yas, ilianza kuwezesha watu kutumiana pesa kwa simu kati ya Tanzania na Rwanda, fedha zikibadilishwa papo hapo. Mwaka uliofuata M-Pesa ya Vodacom Tanzania ikaunganishwa na ya Safaricom ya Kenya. Januari 2022, benki ya Afreximbank na washirika wake wakazindua jijini Accra mfumo wa malipo wa Afrika nzima, PAPSS, wakikadiria kwamba unaweza kuokoa zaidi ya dola bilioni 5 kwa mwaka. Njia zimeshajengwa, ila wanaozitumia bado ni wachache. Mteja wa kawaida akifika kwenye dirisha la benki huandikiwa SWIFT bila kuelezwa kama kuna njia nyingine. Ulizia.

Kabla hujabonyeza

Kwa mzazi anayelipa ada ya chuo nje ya nchi, kuna kisanduku kidogo kwenye fomu ya benki ambacho wengi hukipita bila kukisoma. Kina herufi tatu tatu: OUR, SHA na BEN. Ukichagua OUR, makato yote ya njiani unalipa wewe. SHA, unalipa ya benki yako na mpokeaji anabeba yaliyobaki. BEN, yote yanakatwa kwenye pesa inayokwenda. Chuo kinachodai dola 1,500 kikapokea 1,470 kitasema ada haijakamilika, na mwanafunzi atakwama kwenye usajili kwa ajili ya dola 30. Kwa ada ya shule, chagua OUR, na uliza mapema itakugharimu kiasi gani.

Kwa ndugu walioko Marekani, sheria iko upande wenu. Tangu Oktoba 2013, kampuni inayotuma pesa nje inalazimika kukuonyesha kabla hujalipa ada, bei ya kubadilishia na kiasi kitakachopokelewa. Ukishalipa, una dakika 30 za kughairi na kurudishiwa pesa yako, mradi mpokeaji hajaichukua. Ila kuanzia Januari 1, 2026, anayetuma kwa kupeleka fedha taslimu dirishani anatozwa kodi ya asilimia 1. Anayelipa kutoka akaunti yake ya benki ya huko, au kwa kadi iliyotolewa huko, hatozwi. Mwenye mazoea ya kupeleka noti dukani ana sababu mpya ya kuyaacha.

Kwa wafanyabiashara, kishawishi kikubwa ni hawala na watu wa kati: unampa mtu shilingi Kariakoo, mwenzake anamlipa muuzaji wako yuan kule China. Ni haraka, bei ni nzuri, na huhitaji kujaza fomu. Lakini huna risiti inayosimama mahakamani, na siku mtu huyo akizima simu, hakuna ofisi ya kwenda kulalamika. Baya zaidi, akaunti iliyokulipia ikiwa na pesa chafu, muuzaji wako anaweza kufungiwa akaunti, nawe ukajikuta unaulizwa maswali chini ya sheria ya kuzuia utakatishaji fedha. Unafuu unaoweza kuteketeza mtaji wote siyo unafuu. Tumia mwenye leseni ya Benki Kuu, hata kama ni ghali kidogo.

Yapo na madogo yanayojumlika. Baadhi ya kampuni hushusha bei ya kubadilishia mwishoni mwa wiki masoko yanapofungwa. Kama si dharura, subiri Jumatatu. Ofa ya mteja mpya huisha baada ya muamala wa kwanza, hivyo linganisha upya kabla ya kutuma mara ya pili. Pale makato yanapokuwa ya kiasi kimoja, kutuma mara moja shilingi 400,000 ni nafuu kuliko kutuma 100,000 mara nne. Na kabla ya lolote, tazama bei ya dola ya siku hiyo kwenye tovuti ya Benki Kuu ya Tanzania, ili ujue umbali uliopo kati ya bei ya soko na ile unayopewa.

Mzigo huu hata hivyo haupaswi kubebwa na mteja peke yake. Mjane anayepokea matumizi kutoka Muscat hawezi kuambiwa ajifunze mambo ya soko la fedha ndipo asipunjwe. Benki Kuu ya Tanzania na wenzake wa Afrika Mashariki wanaweza kuiagiza kila benki na kila kampuni ya simu ionyeshe, kabla mteja hajaweka namba ya siri, namba moja tu kwa maandishi makubwa: kiasi kitakachomfikia mpokeaji, makato yote yakiwa yameshatolewa. Wanaweza pia kuzitaka benki zitumie mifumo ya kulipana kwa shilingi zetu wenyewe, ambayo tayari ipo. Mikutano ya Jumuiya ya Afrika Mashariki imezungumzia soko la pamoja kwa miaka mingi. Wananchi wataliamini siku pesa ya mwanafunzi itakapovuka mpaka wa Mutukula kwenda Uganda ikiwa kamili, na hilo linaweza kufanyika kabla ya 2030.