Mhuri wa DVD na Mstari Mwekundu wa Malaria

Kipande cha plastiki kinachopima malaria Dabani na Tororo, nchini Uganda, na ng'ambo ya mpaka huko Busia ya Kenya ni kifaa cha nano, ingawa hakuna anayekiita hivyo. Mhudumu huchoma kidole, hudondosha damu kwenye tundu, huongeza matone machache ya kimiminika kiitwacho bafa, kisha husubiri dakika 15 au 20. Damu inapotambaa karatasini hukutana na vichembe vya dhahabu vya upana wa nanomita 40 hivi, vilivyovishwa kingamwili. Na nanomita ni sehemu moja ya milioni ya milimita. Kingamwili hizo hunasa HRP2, protini ya kimelea cha malaria kali. Mbele yake kiwanda kimechora mstari wa kingamwili nyingine ambao jicho haliuoni mpaka dhahabu irundikane hapo, na ndipo unapojitokeza mwekundu. Dhahabu ikiwa ndogo kiasi hicho haing'ai kama pete: hufyonza mwanga wa kijani, nao wekundu ndio unaobaki.

Hoja yangu inahusu huo mstari uliochorwa. Mara nyingi tunalalamikia bei ya kipimo na uhaba wake, na kusahau kwamba anayekitumia hawezi kubadilisha kilichoandikwa ndani yake. HRP2 hubaki katika damu kwa wiki kadhaa baada ya mgonjwa kupona. Pale ambapo malaria ni ya nadra, hilo si neno. Lakini Nagongera, wilayani Tororo, watafiti walikadiria kwamba mwaka 2011 na 2012, kabla nyumba kuanza kupuliziwa dawa, mtu mmoja aliumwa na mbu wenye vimelea zaidi ya mara 300 kwa mwaka. Mahali kama hapo, mtoto aliyetibiwa wiki mbili zilizopita akirudi na homa ya nimonia, mstari bado utasema malaria. Upande wa pili wako vimelea waliopoteza kabisa jeni ya protini hiyo. Waliripotiwa Peru mwaka 2010, baadaye wakaonekana Eritrea, ambayo ililazimika kubadili kipimo. Hao hupita mbele ya mstari kama msafiri asiye na mzigo mbele ya afisa wa forodha. Dawa ya kasoro zote mbili inajulikana: kuongeza mstari wa protini nyingine, kwa mfano pLDH, ambayo hutoweka upesi kimelea kinapokufa. Swali ni nani mwenye uwezo wa kuuchora.

Jibu la mazoea ni kwamba kupanga protini kwa vipimo vya nano ni kazi ya vyumba visivyo na vumbi na mashine za mabilioni ya shilingi. Jibu hilo limepitwa na wakati. Mwaka 1993 Amit Kumar na George Whitesides, katika Chuo Kikuu cha Harvard, walionyesha kwamba mhuri wa mpira wa silikoni unaweza kupiga chapa ya molekuli juu ya dhahabu, na haikuchukua muda watu wakaanza kuutumia kwa protini. Kinachohitajika ni kalibu yenye mifereji midogo, na kalibu hiyo imejaa madukani. DVD tupu ya kurekodia (DVD-R) ni bapa mbili za plastiki zilizogundishwa. Zitenganishe kwa wembe, osha rangi iliyo katikati kwa spiriti, na utabaki na mifereji iliyopangana kwa nafasi ya nanomita 740. Ndiyo inayotawanya rangi za upinde wa mvua DVD inapogeuzwa juani. Juu yake humiminwa silikoni iliyochanganywa na kigandishi kwa uwiano wa kumi kwa moja, ikaachwa kwenye joto la nyuzi 60 kwa saa kadhaa, kisha ikabanduliwa. Huo ndio mhuri. Hulowekwa katika maji ya kingamwili, hukaushwa kwa hewa, na hukandamizwa juu ya kioo kama mhuri wa pasipoti. Hapo hubaki milia ya protini, unene wake takriban molekuli moja, na kwa hiyo kingamwili, ambayo ndiyo ghali, haipotei ovyo. Milia hiyo ina faida nyingine: miale ya leza ikiipiga hugawanyika kuwa vitone vya mwanga, na protini ya ugonjwa ikinaswa, vitone huongezeka mng'ao. Kipimo kinaweza kusomeka bila dhahabu hata chembe.

Kuna pingamizi la kweli kuhusu ubora. Silikoni ni laini; mifereji ikiwa midogo mno kuta zake hulegea na kushikana, na kingamwili ikikauka vibaya hupoteza umbo lake na kuacha kunasa chochote. Mhuri wa leo unaweza usifanane na wa kesho. Nakubali, lakini kiwanda peke yake hakiondoi tatizo hilo. Shirika la Afya Duniani na shirika la FIND walipopima vipimo vya haraka vya malaria kuanzia mwaka 2008, walikuta bidhaa za viwandani zikitofautiana sana, na hata toleo moja na jingine la bidhaa ileile hayakulingana. Ubora hutokana na kupimwa tena na tena kwa sampuli zinazojulikana, na kazi hiyo maabara ndogo inaiweza ikiwa na nidhamu.

Wengine watauliza nano ya nini penye upungufu wa glavu. Swali ni la haki, ila linachanganya bajeti mbili. Hakuna anayependekeza hospitali ya Dabani ikate DVD. Anayefaa kuikata ni mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Busitema, chenye makao makuu katika wilaya ileile ya Dabani, yaani Busia ya Uganda, na kampasi nyingine Nagongera kwenyewe, kwa mbu tuliowataja. Kikwazo chake kikubwa kitakuwa kingamwili, ambazo huagizwa nje na hudai friji isiyozimika. Oveni, silikoni na leza ndogo ni gharama zinazobebeka. Na protini yake ya kwanza isiwe ya malaria: aanze na ile ya yai, ambayo ni rahisi kupatikana, mpaka vitone vya mwanga vitoke sawa mara kumi mfululizo.