Biashara ya Dagaa Bila Duka

Ukifika Nansio katika kisiwa cha Ukerewe utaona maduka mengi. Lakini wako pia wafanyabiashara ambao huwezi kuona duka lao. Hawana duka. Hawana ofisi. Wana simu, daftari na kalamu. Dagaa wao huliwa Singida, Dodoma na hata Dar es Salaam. Wengine hawajaonana uso kwa uso na wateja wao hata siku moja.

Biashara ya namna hii ina faida yake. Hulipi pango. Hulipi mlinzi. Unaweza kupokea wito wa mteja ukiwa shambani unapalilia mihogo. Lakini biashara hii inaweza kufa kwa siku moja, na mtaji wote ukaondoka. Katika makala haya tutaona inavyokwenda na mahali inapovunjika.

Tuchukue mfano. Tuseme yuko mama mmoja kisiwani, ambaye wateja wake humwita Mama Dagaa. Asubuhi simu inalia. Mteja yuko Dodoma.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hamjambo huko?"

"Hatujambo. Nataka dagaa kilo 50. Nitawapata lini?"

Kwanza Mama Dagaa anatazama mwezi. Dagaa wa Ziwa Viktoria huvuliwa usiku wa giza. Wavuvi huwasha taa juu ya maji, na dagaa hufuata mwanga. Zamani zilikuwa karabai. Siku hizi wengi hutumia taa za betri au za nguvu ya jua. Mwezi ukiwa mkubwa ziwa lote lina mwanga, taa haina kazi, na wavuvi hupumzika. Siku hizo dagaa ni wachache na bei hupanda. Kwa hiyo Mama Dagaa hamwambii mteja "kesho kutwa" ili kumfurahisha tu. Anamwambia: "Mwanangu, mwezi ni mkubwa. Subiri siku nane." Mteja hawezi kufika mwaloni kujionea. Akidanganywa mara moja, hatapiga simu tena.

Kisha anaandika. Anaandika jina la mteja, namba yake, mahali alipo, kilo anazotaka, bei waliyopatana na tarehe. Anaandika simu ikiwa bado sikioni, asije akasahau.

Mteja hununua maneno

Mteja wa dukani hushika dagaa, huwanusa na kuwaonja. Mteja wa simu hawezi. Yeye hununua maneno ya muuzaji. Ndiyo maana mchanga huharibu biashara hii kuliko biashara ya duka. Dagaa wakianikwa chini, mchanga huwaingia na mlaji huusikia kwenye meno. Wakianikwa juu ya vichanja, upepo hupita chini na juu, nao hukauka wakiwa safi. Bei ya dagaa wa kichanja iko juu kidogo. Lakini gunia la mchanga likifika Dodoma haliwezi kurudishwa Ukerewe. Nauli ya kulirudisha italipwa na nani?

Wakati wa mvua ni wakati mgumu zaidi. Dagaa wakikosa jua huoza, na huishia kuwa chakula cha kuku. Muuzaji mwaminifu husema wazi: "Hawa wamepigwa na mvua. Wanafaa kuku, hawafai watu." Atapata bei ndogo, lakini mteja atabaki.

Jambo jingine ni kipimo. Debe la huku si debe la kule. Mmoja hujaza debe likawa na kilima, mwingine hulisawazisha kwa mkono. Watu wakiwa pamoja hugombana kidogo na kuelewana. Wakiwa mbali, ugomvi wa debe hauishi. Afadhali kuuza kwa kilo, kwa mizani iliyokaguliwa na Wakala wa Vipimo, na uzito uandikwe juu ya gunia.

Safari ya mzigo

Mama Dagaa anafunga magunia mawili. Juu ya kila gunia anaandika kwa wino jina la mteja, namba ya simu na mji. Mzigo unapanda meli kutoka Nansio kwenda Mwanza. Hapo yuko mchukuzi anayemjua, naye huupeleka stendi ya mabasi. Mchukuzi huyu ni mtu muhimu sana, na mimi naona alipwe vizuri na kwa wakati. Yeye ndiye mikono ya Mama Dagaa mahali ambapo yeye hayupo.

Basi hutoa risiti ya mzigo. Mchukuzi anasoma namba ya risiti kwenye simu, na Mama Dagaa anaiandika. Halafu anamtumia mteja ujumbe: jina la basi, namba ya risiti, idadi ya magunia na saa ya kuondoka. Mzigo ukipotea, risiti hiyo ndiyo itakayosema. Risiti ya ushuru nayo inatunzwa. Kabla ya kusafirisha ni vizuri kumwuliza ofisa uvuvi ni vibali gani vinatakiwa, maana mzigo ukizuiwa njiani, mwenyewe yuko mbali na hawezi kujieleza.

Na malipo? Wengine hutoa mali kauli, yaani mteja huchukua, huuza, kisha hulipa. Kwa jirani sawa. Kwa mtu wa mbali usiyemjua, hapana. Mama Dagaa hupokea nusu kabla ya kununua, na nusu mzigo ukifika stendi. Mteja mpya akikataa, anaachwa aende zake.

Zamani jambo hili lilikuwa gumu. Fedha zilipitia posta, au zilifungwa kwenye bahasha na kupewa dereva wa basi. Mwaka 2007 huduma ya M-Pesa ilianza Kenya, na mwaka 2008 ikafika Tanzania. Makampuni mengine yakafuata. Leo fedha zinafika kwa dakika moja. Lakini na wezi nao wamejua njia hiyo.

Ujumbe si fedha

Siku moja simu ya Mama Dagaa inaingia ujumbe: "Umepokea shilingi 140,000." Muda si muda mtu anapiga. Anasema kwa haraka: "Mama, nimekosea namba. Hiyo fedha ni ya mgonjwa. Nirudishie upesi." Sauti inalia. Mtu mwenye huruma hurudisha. Baadaye hugundua kwamba hakuna fedha iliyoingia. Ule ujumbe uliandikwa na mwizi mwenyewe, kwa mkono wake, kama wewe unavyoandika barua. Alichorudisha ni mtaji wake.

Kwa hiyo kila mara angalia salio kabla ya kufanya lolote. Salio halikuongezeka? Basi hakuna fedha. Ikiwa kweli fedha imeingia kwa makosa, usiirudishe mwenyewe. Mwambie aliyetuma apige simu kwa kampuni yake ya simu. Namba ya siri usimpe mtu, hata akisema yeye ni mfanyakazi wa kampuni, hata akiwa wakala unayemzoea. Nchini Tanzania ujumbe wa kitapeli unaweza kuupeleka kwa namba 15040, pamoja na namba ya aliyeutuma.

Kuna wizi mwingine unaolenga wateja. Mwizi humtumia mteja ujumbe akisema: "Ile fedha itume kwenye namba hii." Mteja hudhani ni Mama Dagaa. Dawa yake ni kupatana tangu mwanzo: namba ya malipo ni moja, haibadiliki, na jina litakalotokea kwenye simu ni jina fulani. Likitokea jina jingine, mteja asitume.

Hapa kuna jambo linalowaumiza akina mama wengi. Laini ya simu si yao. Imeandikishwa kwa jina la mume, kaka au kijana wa jirani. Siku ya ugomvi, au simu ikiibwa, mwenye jina ndiye anayeweza kwenda kuirudisha laini, na fedha zilizomo ziko chini ya jina lake. Tangu mwaka 2019 laini huandikishwa kwa kitambulisho cha taifa na alama za vidole. Kama una kitambulisho, andikisha laini ya biashara kwa jina lako. Ukibonyeza *106# unaweza kuona namba zilizoandikishwa kwa kitambulisho chako. Na namba za wateja ziandikwe pia kwenye daftari. Simu ikitumbukia ziwani, daftari litakuwa nyumbani.

Watu wasio na duka

Mtu asiye na mahali maalumu pa kufanyia biashara hakupewa heshima siku zote. Mwaka 1983 ilitungwa Sheria ya Nguvu Kazi. Watu waliokuwa mijini bila kazi inayotambulika walikamatwa na kupelekwa vijijini, na wachuuzi wengi walikumbwa. Mambo yakabadilika pole pole. Mwezi Desemba 2018 Rais John Magufuli alianza kutoa vitambulisho vya wajasiriamali wadogo, wale ambao mauzo yao hayakuzidi shilingi 4,000,000 kwa mwaka. Kila kitambulisho kililipiwa shilingi 20,000. Mchuuzi akawa na kitu cha kuonyesha. Taratibu za kodi na leseni hubadilika, kwa hiyo ukianza kuuza, nenda kwa ofisa biashara wa halmashauri ukaulize. Ili kujua mauzo yako yamefika wapi, lazima yawe yameandikwa.

Hesabu ya Mama Dagaa

Bei tutakazotumia hapa ni za mfano tu. Mama Dagaa alinunua kilo 50 kwa shilingi 4,000 kila kilo. Alitoa shilingi 200,000. Akauza kila kilo kwa shilingi 5,600. Akapokea shilingi 280,000. Jirani akimtazama atasema: "Huyu amepata faida ya shilingi 80,000."

Sasa tufungue daftari.

Dagaa: 200,000
Magunia na kamba: 6,000
Ushuru: 5,000
Meli na mchukuzi: 14,000
Basi: 20,000
Ada ya kutoa fedha: 7,000
Vocha ya simu: 3,000
Jumla: 255,000

Alipokea 280,000. Alitumia 255,000. Faida yake ni shilingi 25,000, si 80,000.

Tofauti hii ndiyo inayoua biashara nyingi zisizo na duka. Mwenye duka huona rafu zikipungua. Mtu wa simu haoni kitu. Fedha zinaingia kwenye simu, zinatoka kidogo kidogo, na nyumbani kuna mahitaji. Kama Mama Dagaa angeamini ile 80,000, akanunua sare za shule kwa shilingi 40,000, angejiona bado ana akiba. Kumbe angekuwa amekula faida yote pamoja na shilingi 15,000 za mtaji. Safari ya pili angeanza na 240,000. Akifanya hivyo safari tano, mtaji umepungua kwa shilingi 75,000, na hajaibiwa na mtu.

Yeye hufunga hesabu siku za mwezi mkubwa, wavuvi wakiwa wamepumzika. Huketi na binti yake aliye darasa la sita. Binti husoma ujumbe wa malipo mmoja mmoja kwenye simu, na mama huweka alama kwenye daftari. Ujumbe usio na mstari wake kwenye daftari hutafutwa mpaka upatikane. Mstari usio na ujumbe wake, mteja hupigiwa simu usiku huo huo.

Jaribu nawe hesabu hii pamoja na wenzako wa kisomo. Safari ya pili Mama Dagaa alinunua kilo 50 kwa shilingi 4,200 kila kilo, kwa sababu mwezi ulikuwa mkubwa. Gharama nyingine hazikubadilika. Mteja alikataa kuongeza bei, akalipa 5,600 kwa kilo kama kwanza. Faida ni shilingi ngapi? Na kama mteja angemwomba apunguze shilingi 300 kwa kila kilo, je, ungemshauri Mama Dagaa apeleke mzigo au asubiri giza?