Katuni Nazo Ni Amana

Wapo wanaodhani kwamba katuni ni kitu cha kuchekwa asubuhi na kufungiwa maandazi jioni. Fikra hiyo haina budi kusahihishwa.

Mwaka 1962, Irv Novick alichora ndege za kivita katika kijitabu cha katuni cha Marekani. Mwaka uliofuata Roy Lichtenstein alitumia kazi hiyo kuwa msingi wa mchoro wake mkubwa, "Whaam!", ulionunuliwa na jumba la Tate, London, mwaka 1966. Aliyeiga akatukuzwa, mwenye asili akasahauliwa. Hata hivyo, mwaka 2009 jumba la Louvre, Paris, lilifanya maonyesho ya wachora katuni wenyewe.

Nasi tunao wetu. Chakubanga wa Christian Gregory, katika gazeti la Uhuru, aliwachekesha wasomaji huku akiwaonyesha aibu zao.

Visiwani mwetu unyevu na mchwa havingoji vikao. Tunawaomba wakuu wa makumbusho na nyaraka waikusanye michoro ya asili, wailipie kwa haki, waandike majina ya walioichora, na waiweke mahali pa heshima kama ilivyowekwa milango ya nakshi. Mcheza kwao hutunzwa.