Fahamu: Jinsi mofini inavyotuliza maumivu, na heroini inavyomfunga mtu

Mkulima wa pamba wa Mwandoya, wilayani Meatu, akijikata mguu kwa jembe, habari haiishii mguuni. Neva huipeleka kwenye uti wa mgongo, kisha kwenye ubongo. Huko ndiko maumivu huhisiwa.

Mofini hufanyaje kazi?
Seli za neva zina vipokezi, mfano wa makufuli. Mwili una funguo zake, endofini. Mofini, tramadoli na heroini ni funguo za kutoka nje zinazoingia kwenye makufuli hayohayo: hupunguza habari za maumivu, na huongeza dopamini, kemikali inayotufanya tutamani kurudia jambo.

Uraibu hutoka wapi?
Ubongo ukizoea, dozi ileile haitoshi. Dawa ikikosekana, arosto huanza: kutetemeka, kuharisha, mwili kuuma. Dozi ikizidi, ubongo unaweza kuacha kuamuru pumzi, na mtu akafa.

Na methadoni?
Hospitali ya Muhimbili ilianza kutoa dawa hii kwa waraibu wa heroini mwaka 2011. Methadoni hushika kufuli lilelile, ila taratibu na kwa muda mrefu. Dozi sahihi, mara moja kwa siku chini ya uangalizi, huzuia arosto bila kumlewesha mgonjwa.