Timu ya Nyumbani na Mapenzi ya Ugenini

Tarehe 28 Septemba 2021 nilikuwa miongoni mwa umati uliofurika katika Uwanja wa Karume, mjini Musoma, kutazama pambano la Ligi Kuu baina ya Biashara United, timu ya mkoa wetu wa Mara, na Simba ya Dar es Salaam. Watu walikuwa wametoka Bunda, Butiama na Tarime. Wengine walikuwa wamevuka maji kutoka visiwani tangu alfajiri. Nami, mtumishi wa Chama, mwenyeji wa mkoa huu, niliingia uwanjani nikiwa nimevaa fulana nyekundu.

Kando yangu aliketi mzee mmoja, mvuvi wa kisiwa cha Rukuba, ambaye mikono yake ilionyesha wazi kuwa imezoea nyavu na makasia. Nilimwamkia, akaitika. Mchezo ukaanza. Kila Simba walipolisogelea lango nilisimama kwa matumaini, na kila walipokosa niliketi kwa masikitiko. Baada ya nusu saa hivi mzee yule alinigeukia, akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, wewe ni mwenyeji wa wapi?" Nikamjibu kwamba mimi ni mtu wa hapa hapa. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi lango lile unaloomba lifungwe ni la kwenu."

Mchezo ulimalizika bila kufungana. Wengi waliusahau jioni ile ile. Mimi sikuusahau, maana swali la yule mzee lilinifuata hadi nyumbani, na limenifuata hadi leo. Ndilo linalonifanya niandike makala haya.

Sina nia ya kuwalaumu wanaozipenda Simba na Yanga. Yanga ilianzishwa mwaka 1935 na Simba mwaka 1936, yaani zaidi ya robo karne kabla ya nchi yetu kupata uhuru. Vilabu hivyo viwili vimelelewa na vizazi vingi, na mapenzi yake yalitufikia sisi wa kando ya Ziwa kwa njia ya redio. Mimi mwenyewe nilirithi wekundu wa Simba kwa baba yangu, kama mtu anavyorithi jembe. Jioni, baada ya kutoka chuoni ambako tulikuwa tukikariri sura zetu mbele ya mwalimu, tulikimbilia kibarazani kwa jirani mwenye redio, tukamsikiliza mtangazaji akitupigia picha ya uwanja ambao hatukupata kuuona. Huo ni urithi, na urithi hautupwi. Lakini mtu mwenye urithi wa mbali hana ruhusa ya kuiacha nyumba yake mwenyewe ianguke.

Na tuitazame nyumba hiyo. Biashara United ilipanda Ligi Kuu kwa msimu wa 2018/19, pamoja na KMC, JKT Tanzania, African Lyon, Coastal Union na Alliance ya Mwanza. Vijana wakapewa jina la Wanajeshi wa Mpakani, nao wakalistahili. Msimu wa 2020/21 walimaliza katika nafasi ya 4, nyuma ya Simba, Yanga na Azam tu. Juni 2021 walifika nusu fainali ya Kombe la Shirikisho nchini, wakatolewa na Yanga mjini Tabora kwa bao 1–0. Kwa kuwa mwaka ule Tanzania ilikuwa na nafasi 4 katika mashindano ya vilabu vya Afrika, timu ya Musoma ikapata tiketi ya Kombe la Shirikisho la Afrika. Nawaomba vijana wa leo wayapime maneno hayo kwa uzito wake. Timu iliyokuwa na misimu 3 tu katika Ligi Kuu, kutoka mji usio na viwanda vikubwa wala matajiri wengi, iliingia katika orodha moja na vilabu vya Misri, Moroko na Libya.

Biashara iliitoa timu ya Dikhil ya Djibouti katika hatua ya awali. Tarehe 15 Oktoba 2021, katika Uwanja wa Benjamin Mkapa, Dar es Salaam, ikaifunga Al Ahli Tripoli ya Libya mabao 2–0. Wapenzi wa kandanda wanafahamu maana ya ushindi kama huo: mtu anakwenda ugenini akiwa na akiba mkononi. Kilichobaki kilikuwa ni kusafiri na kuilinda akiba ile kwa dakika 90.

Timu haikufika Libya. Safari ilikwama, siku ya mchezo ikapita, na Biashara ikaondolewa mashindanoni bila kupigwa mpira. Nimewahi kushuhudia kushindwa kwingi katika michezo: kushindwa kwa bao la dakika ya mwisho, kwa uamuzi wa refa, kwa matope na mvua. Lakini kushindwa kwa kutofika kunauma kwa namna ya peke yake, kwa sababu mchezaji hana la kujilaumu na mpinzani hana la kujisifu. Mwisho wa msimu huo huo, mwaka 2022, Biashara ikashuka daraja. Juni 2024 ilipata nafasi ya kurejea kwa njia ya michezo ya mtoano; ikaifunga Tabora United bao 1–0 nyumbani, kisha ikafungwa 2–0 Tabora. Mlango ukafungwa tena.

Tangu hapo kila kijiwe kina hakimu wake. Huyu anawalaumu viongozi wa klabu, yule anailaumu mamlaka ya soka, wa tatu anamlaumu mfadhili, wa nne anasema ni mkono wa mtu. Sikusudii kukaa katika kiti cha hukumu. Nakusudia kuuliza swali ambalo halikuulizwa vijiweni: sisi wapenzi tulikuwa wapi? Siku timu ilipohitaji nauli, fulana zetu zilikuwa za rangi gani? Ni wangapi kati yetu waliokuwa wanachama wenye kadi, waliokuwa wamelipa ada na wenye haki ya kusimama mkutanoni wakadai hesabu? Mtu asiyechangia chungu hana haki ya kulalamika kuwa mboga haina chumvi.

Kuna tofauti kubwa kati ya mtazamaji na mwanachama. Mtazamaji hununua tiketi siku ya mechi kubwa, hupiga kelele, kisha huenda zake. Mwanachama huwapo siku timu inapocheza na wageni wasiojulikana, jua likiwa kali na viti vikiwa vitupu. Mtazamaji hupenda ushindi. Mwanachama huipenda timu. Nasema haya kwa kujihesabu mwenyewe kwanza, kwani kwa muda wa misimu yote minne ya Biashara katika Ligi Kuu mimi nilikuwa mtazamaji, tena mtazamaji aliyeketi upande wa mgeni.

Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilitufundisha kwamba tukiitegemea fedha ya mtu mwingine, tumeukabidhi uhuru wetu kwake. Fundisho hilo lilikusudiwa kwa taifa zima, lakini naliona likifaa barabara katika klabu ya mpira. Klabu inayoishi kwa mfuko wa mtu mmoja hupumua kwa mapafu yake. Akikohoa yeye, klabu nzima inalazwa. Historia inatuonyesha kwamba timu za mikoani zaweza kufika kileleni: Tukuyu Stars ya Mbeya ilitwaa ubingwa wa Bara mwaka 1986, na Mtibwa Sugar ya Morogoro ikautwaa mwaka 1999 na 2000. Lakini Tukuyu haikudumu huko juu, wakati Mtibwa, iliyokuwa na kiwanda cha sukari nyuma yake, ilikaa Ligi Kuu kwa miaka mingi. Sisi hatuna kiwanda cha namna hiyo. Tulicho nacho ni watu: wavuvi, wakulima wa pamba na mihogo, wafugaji, wachimbaji wa dhahabu, walimu na wafanyabiashara. Fungu dogo kutoka kwa kila mmoja wao, likitolewa kila mwezi na kuandikwa katika daftari linalosomwa hadharani, lingekuwa kiwanda chetu.

Hapa yapo mambo mawili yanayotuzuia, na hapana budi tuyaseme. La kwanza ni kutengana kwetu. Nimewasikia ndugu zangu wa Bunda wakisema, "Hiyo ni timu ya watu wa Musoma." Nimewasikia wa Butiama wakiuliza ni lini timu ilikwenda kwao hata kwa mchezo wa kirafiki. Malalamiko hayo si ya kupuuzwa. Mpenzi hutongozwa, halazimishwi. Klabu inayojiita ya mkoa haina budi kuonekana mkoani: ifanye mazoezi Bunda, icheze mchezo wa hisani Butiama, ichague vijana kutoka viwanja vya vumbi vya vijijini. Butiama ni mahali alipozaliwa Mwalimu Nyerere mwaka 1922 na alipopumzishwa mwaka 1999. Yeye alifahamika zaidi kwa bao la kete kuliko bao la mguu, lakini katika mchezo ule alikaa na wazee wa kijiji chake kama mmoja wao. Klabu yetu ingeiga adabu hiyo ya kukaa na watu, ingepata wapenzi bila kuwatafuta.

La pili ni mashaka juu ya fedha. Wananchi wa mkoa huu si wachoyo. Wamejenga madarasa na zahanati kwa mikono yao. Wanachoogopa ni kuchanga kisha wasione. Mwalimu wangu wa chuoni alitufundisha tungali wadogo kwamba amana ni mzigo, na anayeibeba ataulizwa. Kiongozi wa klabu abandike hesabu ukutani, mapato na matumizi, kila baada ya mchezo, hata kama ni za kusikitisha. Mwananchi anayeona ukweli wa umaskini husaidia, anayefichwa hujitenga.

Sasa nawageukia ndugu zetu wa visiwani, kwa sababu mapenzi yao yana gharama kuliko yetu. Mimi nikitoka uwanjani jioni natembea kwa miguu hadi nyumbani. Mtu wa Rukuba anatafuta mtumbwi, na mtu wa Ukerewe aliyekuja kwa njia ya Bunda anawahi kivuko cha Kisorya. Mchezo ukianza saa 10 jioni hauishi kabla ya saa 12 kasorobo, na jua letu halingoji. Ziwa tunalijua. Ajali ya MV Bukoba ya Mei 1996, na ile ya MV Nyerere ya Septemba 2018 karibu na Ukara iliyochukua roho za watu zaidi ya 220, zimetufundisha kuwa maji hayana msamaha kwa chombo kilichojazwa kupita kiasi. Naiomba mamlaka inayopanga saa za michezo, pamoja na viongozi wa wilaya, walifikirie jambo hili: michezo ya nyumbani ianze mapema zaidi kila inapowezekana, na siku hizo ukaguzi wa mitumbwi mialoni ufanyike jioni, watu wanapopakia kwa haraka, wala usiishie asubuhi.

Kwa maofisa wa Serikali na viongozi wenzangu wa Chama nina neno fupi. Viwanja vingi vya mikoani, kama CCM Kirumba cha Mwanza, vinamilikiwa na Chama, na vilipatikana katika zama ambazo mwananchi alichangia akijua kuwa ni mali yake. Kwa hiyo kukitunza kiwanja ni kulipa deni. Aidha, tuna desturi mbaya ya kujitokeza timu inapopanda, tukapiga picha na wachezaji, tukatoa ahadi mbele ya vipaza sauti. Timu inaposhuka hatuonekani. Safari iliyokwama mwaka 2021 itufunze kuwa timu ya mkoa ikipata heshima ya kuiwakilisha nchi, shughuli za vibali na usafiri zianze siku ile inapofuzu, zisisubiri wiki ya mchezo.

Na kwa wapinzani wetu, tuwape heshima yao. Simba na Yanga zije tena Musoma siku moja, tuzipokee kwa ukarimu wa kwetu, bila mawe wala matusi kwa refa, na bila kuzika hirizi langoni. Tuzifunge kwa mpira, au zitufunge kwa mpira.

Mimi fulana yangu nyekundu sikuichoma, la hasha. Ipo sandukuni, na Simba ikicheza na wageni wa nje ya nchi huitoa. Lakini nimekata kadi ya timu ya nyumbani, nayo naitembeza mfukoni pamoja na kadi ya Chama. Sijapata kukutana tena na yule mzee wa Rukuba. Nikikutana naye siku moja katika ngazi za Karume nitamwamkia, kisha nitaketi kando yake, na akiniuliza tena mimi ni mwenyeji wa wapi, nitamwonyesha lango letu.