Windows mpya bila kufunga saiba

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10, na wenye saiba wa Eldoret wakabaki na hesabu ya kuhamia Windows 11. Saiba ya Oloo Street au kando ya Barabara ya Uganda hula kwa mashine zilizowaka: huyu ana shida ya eCitizen, yule anajaza ritani za KRA kabla Juni haijaisha. Mashine iliyo mikononi mwa fundi haiingizi hata shilingi.

Njia ya kawaida ya kupiga Windows twaijua. Fundi anakuja na flashi, anaketi mbele ya mashine ya kwanza, anasubiri, kisha anahamia ya pili. Muda wote huo mteja hana kiti. Tena faili lililomo kwenye flashi huwa la miezi iliyopita, kwa hiyo kazi ikiisha mashine huanza upya kutafuta masasisho yaliyotoka baadaye.

Njia nyingine ni sasisho linaloendeshwa kutoka kwenye wingu, yaani seva za Microsoft kupitia intaneti. Huitwa la haraka, na wengi hudhani sababu ni intaneti. Sababu kubwa ni mpangilio wa kazi. Mwaka 2018 Microsoft ilieleza kwamba toleo la Windows 10 la Aprili 2017 liliifungia mashine nje ya kazi kwa wastani wa dakika 82. Toleo lililofuata mwaka huohuo wa 2017 lilichukua dakika 51, na la 2018 lilikadiriwa dakika 30. Kazi yenyewe haikupungua. Sehemu yake kubwa, kama kuandaa mafaili ya mtumiaji na kuupanga mfumo mpya pembeni, ilihamishwa ifanyike mashine ikiwa bado inatumika. Ni fundi cherehani anayeshona suti mpya huku mteja amevaa ya zamani. Kinachobaki ni kubadilisha. Ukihesabu tangu mwanzo hadi mwisho, saa huenda zikawa nyingi kuliko za flashi, ila hakuna anayezihisi.

Tena pana jambo ambalo saiba nyingi hujinyima. Windows inaweza kugawa sasisho vipande vipande, mashine moja ikivuta kipande kutoka nje na jirani zake kwenye mtandao uleule wakikichukua kwake, kila kipande kikikaguliwa kwanza. Wapo wanaouzima mpangilio huu wakidhani wanaokoa bando. Matokeo yake kila mashine inajivutia gigabaiti zake kutoka nje! Mwenye mashine kumi angeuacha wazi, angalau kwa mtandao wa ndani.

Wakati mwingine hata hakuna la kuvuta. Mashine yenye Windows 11 ya toleo la 24H2 iliyosasishwa vizuri tayari inabeba sehemu kubwa ya 25H2, toleo la Septemba 2025, ikiwa imelala. Kifurushi kidogo kinaiamsha, unawasha upya mara moja, basi.

Lakini wingu lina masharti. Kompyuta nyingi za mtumba tunazoziita ex-UK zina prosesa za Intel za kizazi cha sita au cha saba, na Windows 11, isipokuwa kwa prosesa chache za kizazi cha saba, inataka cha nane kwenda juu pamoja na chipu ya usalama ya TPM 2.0. Hizo wingu huzikataa. Fundi huzipokea, akaukwepa ukaguzi kwa flashi yake, mashine moja baada ya nyingine, ingawa Microsoft haiahidi kuzipelekea masasisho ya baadaye.